Mashine isiyo na mlango wa CD, Ngamiani tuifanyie nini?

Ndugu Mhariri,

Miaka yote nasoma gazeti lako na kunyamaza, ila ile makala ya nani atabaki sokoni kati ya mashine za gemu za PlayStation, Xbox na Nintendo imenishinda. Mwandishi kapima mauzo, kapima ukali wa picha, basi. Mlango wa CD hakuutaja.

PS2 (PlayStation ya pili) ilitoka mwaka 2000 na bado inaingiza hela kwenye mabanda ya gemu kwa sababu unatia CD, inacheza, haiulizi bando. Kwa upande wa pili, duka la mtandaoni la gemu za Wii U na 3DS, mashine za Nintendo, lilifungwa Machi 2023, la Xbox 360 Julai 2024. Ambaye hakununua, imekula kwake. Tanzania hata kwenye orodha ya nchi za PlayStation Store, duka la mtandaoni la PlayStation, hatumo, watu wanajiandikisha kama wakazi wa Marekani. Halafu Xbox Series S haina mlango, PS5 Pro imekuja bila mlango, na ule mlango wa kununua pembeni haufanyi kazi mpaka uunganishwe na intaneti mara ya kwanza. (Ndiyo, zipo CD siku hizi ambazo ni ufunguo tu, gemu lenyewe unalipakua kwa bando. Nazo ziandikwe.)

Juzi imeletwa PS4 ya mwanzo, inawaka lakini inaomba flashi. Mwenyewe kishaambiwa mahali kwamba bodi imekufa. Bodi gani! Ni hadidiski. Sukuma kando kifuniko kinachong'aa, fungua skrubu moja kubwa, vuta kibebeo, toa skrubu nne ndogo, weka diski ya kompyuta mpakato ya inchi 2.5 isiyozidi unene wa milimita 9.5. Flashi iwe imefomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ndani folda PS4, ndani yake UPDATE, ndani yake PS4UPDATE.PUP. Shikilia swichi ya kuwashia mpaka mlio wa pili, kwenye menyu itakayotokea chagua namba 7. Wengi wanakwama hapa: wanapakua faili dogo la kusasisha badala ya lile la GB 1 na ushei la kusimika upya, mashine inalikataa, wanasema fundi mwizi. Kwenye PS5 hifadhi imechomelewa kwenye bodi. Ikifa hiyo, bisibisi haikusaidii.

Na hawa wanaouza pedi feki kwenye boksi la pedi halisi, nani anawaandika? Kijiti cha pedi kikianza kwenda chenyewe wanapuliza dawa, wiki haiishi kimerudi palepale, maana kaboni ya ndani imelika. Dawa yake ni kuyeyusha risasi iliyochomelea miguu yake 14, kukitoa na kuweka kijiti kipya.

Mwandishi akileta tena jedwali lake la washindi, aongeze safu tatu: ina mlango wa CD? Hadidiski inatoka kwa bisibisi? Gemu la GB 100 linachezeka bila bando? Akitaka majibu, apite Barabara ya 12 saa kumi watoto wakishatoka shule. Benchi lipo. Bando aje na lake.

Fundi wa gemu,
Ngamiani, Tanga