Tuelezeni na Bunge la Marekani, si rais peke yake

Mhariri,

Kila ndege za Marekani zinapopiga mabomu Somalia, vyombo vyetu vya habari humjadili mtu mmoja tu, aliyeko White House kwa wakati huo. Mara ni mkali, mara hatabiriki. Bunge lao halitajwi, ilhali katiba yao imelipa Bunge, si rais, mamlaka ya kutangaza vita. Mara ya mwisho kuyatumia ilikuwa 1942.

Sisi wakazi wa Lamu jambo hili tunalo mlangoni. Tarehe 5 Januari 2020 Al-Shabaab walivamia uwanja wa ndege wa Manda Bay wakaua Wamarekani watatu, askari mmoja na makandarasi wawili. Ni lini Bunge la Marekani lilipiga kura ya kupigana na Al-Shabaab? Halijapiga. Kinachotumika ni idhini iliyopitishwa 14 Septemba 2001 dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya siku tatu kabla na waliowahifadhi. Seneti iliipitisha kwa kura 98 bila pingamizi. Katika Baraza la Wawakilishi walikubali 420, akakataa mmoja, Barbara Lee wa California, akaambulia vitisho vya kuuawa. Wakati huo Al-Shabaab haikuwapo. Mwaka 2016 serikali ya Obama iliiingiza kwenye idhini hiyohiyo, kwa hoja kuwa ni mshirika wa Al-Qaeda, na wabunge wakanyamaza.

Mtu atauliza, kwani hakuna sheria ya kumzuia rais? Ipo, ya 1973, na ilipita licha ya kura ya turufu ya Nixon. Inamtaka rais aliarifu Bunge ndani ya saa 48 tangu apeleke majeshi vitani, na asipopata idhini aondoe majeshi baada ya siku 60. Tena ililipa Bunge uwezo wa kuyaamuru majeshi yarudi kwa azimio lisilohitaji saini ya rais. Meno hayo yaling'oka 1983, kwa kesi ambayo haikuhusu vita hata kidogo. Jagdish Chadha, mzaliwa wa Kenya aliyekwenda Marekani kusoma, viza yake ilikuwa imekwisha. Maofisa wa uhamiaji wakamruhusu abaki, Baraza la Wawakilishi likatengua. Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikasema Baraza haliwezi kutengua uamuzi wa serikali kwa kura yake peke yake, bila kupitia kwa rais. Chadha akabaki. Lakini kwa mantiki hiyohiyo, azimio la kusitisha vita nalo likawa halina nguvu mpaka lipelekwe mezani kwa rais yuleyule anayepigana. (Sijui kwa nini kisa hiki hakisimuliwi zaidi huku kwetu.)

Matokeo yake yalionekana 2019. Mabunge yote mawili yalipitisha azimio la kuiondoa Marekani katika vita vya Yemen. Trump akapiga kura ya turufu. Ili kuishinda, Seneti ilihitaji theluthi mbili. Zikapatikana kura 53 dhidi ya 45.

Hata hivyo sikubali kwamba wabunge hao wamefungwa mikono. Wengi hali hii wanaipenda. Kura ya vita humfuata mtu: Hillary Clinton aliunga mkono vita vya Iraq 2002, na 2008 Obama akamchapa nayo katika kinyang'anyiro cha chama chao. Asiyepiga kura hana cha kujibu. Vita vikienda vizuri atasema aliunga mkono askari, vikiharibika atamlaumu rais.

Ombi langu ni dogo. Bomu likianguka tena, mwandishi wenu atuambie pia limeanguka kwa idhini gani, ya mwaka gani, na kamati za Seneti na Baraza zinazohusika zimeitisha kikao au la. Kumbukumbu za kura zao ziko wazi kwa yeyote mwenye intaneti.

Msomaji wenu,
Lamu