Krismasi Njema, na Fungu la Baba Mdogo

Ndugu zangu wa ukoo, mlioko Dar, Arusha na Mwanza, nanyi mnaotutunzia migomba huku Kilimanjaro, Krismasi njema na heri ya mwaka mpya.

Najua mabasi yamejaa na nauli imepanda kama kila Desemba. Njooni hivyo hivyo. Mbuzi wapo, mbege imeshapikwa, na paa la jikoni halivuji tena, kwa hiyo msianze kulalamika mapema.

Nina neno moja kabla hatujakutana. Watoto huuliza yule kijana wa kombati kwenye picha pale sebuleni ni nani, yule aliyejitahidi kununa na bado kicheko kikamponyoka. Ni Baba Mdogo. Krismasi ya 1978 hakuja nyumbani. Oktoba ile majeshi ya Idi Amin yalivamia Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, na Mwalimu akalitangazia taifa kwamba uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Baba Mdogo alikuwa na miaka 21. Sikukuu ilimkuta handakini.

Barua yake ilifika Februari. Ilianza kama barua zote za enzi zile: yeye mzima wa afya, wasiwasi ni kwetu tulio mbali na upeo wa macho yake. Vita hakuvigusa hata kwa mstari mmoja. Aliuliza kama ng'ombe mwekundu ameshazaa, akamsihi Babu asimuuze ndama. Alizaliwa jike. Majibu yaliandikwa, hayakumkuta. Kampala ilipotekwa 11 Aprili 1979 na watu wakamwagika barabarani kushangilia, kwetu tayari tulikuwa tumeanua matanga.

Bibi hakumuuza ndama yule, wala uzao wake. Kila Krismasi nyama ikigawanywa alitenga kipande cha ubavu juu ya jani la mgomba. Hakusema cha nani, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Jioni alimpa mtoto yeyote aliyepita karibu. Mimi nilikipata mara mbili, nikajiona ndiye kipenzi chake.

Kihambani, kwenye shamba letu la ukoo, hakuna kaburi la mwanawe. Amelala Kaboya, wilayani Muleba, pamoja na wenzake zaidi ya 600, ng'ambo ya Ziwa Victoria. Bibi alifariki hajakanyaga huko. Kila mwaka safari ilipangwa, kila mwaka ikazuka ada ya shule ya mmoja wetu. Hilo linanisumbua kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Basi tarehe 26, tukishashiba, tukae chini ya mparachichi tupange watakaokwenda Kaboya 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mche wa sale, mmea wetu Wachagga wa amani na msamaha, tutaung'oa pale kwa Bibi. Mwenye chochote alete, asiye nacho aje na miguu yake.

Fungu la ubavu mwaka huu nitalitenga mimi. Wazazi, waacheni watoto wapitepite jikoni jioni.