Kimvita si makosa ya kusahihishwa kwa kalamu nyekundu

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo kina mama wengi huku Mji wa Kale tunalizungumza kila tukikutana harusini na matangani lakini hakuna anayeliandika, nalo ni hii tabia ya kumsahihisha mtoto wa Mswahili kana kwamba Kimvita, lahaja yetu ya Mombasa, anachozungumza kwao ni Kiswahili kilichoharibika.

Nisieleweke vibaya, sisemi Sanifu, Kiswahili cha vitabuni na mitihanini, isifundishwe. Sanifu ndiyo inayofanya barua hii isomeke Kisumu, Dodoma mpaka Bujumbura, na mtoto asiyeijua atakwama mtihanini na baadaye kazini, hilo halina ubishi. Nnalolalamikia ni namna inavyofundishwa huku pwani.

Mwanangu wa gredi ya sita aliandika insha kuhusu nyanya yake, na ndani ya ile insha nyanya anamwita, "Ndoo mwanangu, nisomee barua hii, mato yangu hayaoni." Huyo ni nyanya haswa, njoo kwake ni ndoo na macho ni mato, ndivyo asemavyo, mtoto alimsikia akamwandika. Mwalimu akazungushia "ndoo" duara jekundu, pembeni akaandika kuwa ndoo ni chombo cha kutekea maji, akazungushia na "mato", chini akamalizia "jifunze Kiswahili". Kisha akaisoma mbele ya darasa na watoto wakacheka. Maksi zilizokatwa si kitu, zitafidiwa. Kilichoniuma ni kuwa jioni ile mtoto karudi nyumbani anamwambia nyanya yake, mwanamke aliyehifadhi tenzi nzima nzima kwa kichwa, kwamba yeye hajui Kiswahili na asimsemeshe hivyo mbele ya rafiki zake.

Mwalimu mwenyewe si mtu mbaya, ni kijana mwenye bidii, kajifunza Kiswahili darasani huko kwao bara na kakijua vizuri, ila alipoletwa huku hakuna aliyemwambia kuwa anakuja kufundisha watoto walio na Kiswahili chao tayari. Na laiti angeambiwa angeona wepesi wake, manake tofauti hizi hazikuja ovyo, zina kanuni. Kwa maneno mengi penye ch ya Sanifu Kimvita kina t, nchi ni nti, macho ni mato, mchele ni mtele, na penye nj siye tuna nd, njia ni ndia, njaa ni ndaa, njoo ni ndoo. Hilo ni somo la kipindi kimoja tu ubaoni, huku Kimvita huku Sanifu, mtoto akishaiona ile kanuni haikosi tena, na nyanya yake hajatukanwa.

Kwenye grupu ya wazazi ya WhatsApp nilipoyaleta haya mzazi mwenzangu, tena mzaliwa wa hapahapa, akasema aibu ni yetu, watoto wa bara wanawapita wetu Kiswahili ilhali ni lugha ya mama yao. Maneno haya nimeyasikia tangu mimi mwenyewe niko skuli na naona watu hawayafikirii vizuri. Mtoto ambaye nyumbani kwao ni Kikamba au Kiluo anakisoma Kiswahili kwenye kitabu cha sarufi kama anavyosoma hesabu, akiambiwa "njia" anaandika "njia", hana kingine cha kumvuta. Wetu anaingia darasani na lugha kamili kichwani, inafanana na ile ya kitabuni lakini siyo, kwa hivyo kila sentensi lazima achague, hili la nyumbani hili la skuli, na huko kuchagua ndiko asikofundishwa, anachofundishwa ni kuona haya. Akishaona haya anaandika insha fupi fupi za woga, hathubutu kutumia neno asilokuwa na hakika nalo, halafu tunashangaa maksi za chini zinatoka wapi.

Na hii imani kuwa Sanifu ni safi na Kimvita ni kichafu, wallahi sijui imetoka wapi, kwa sababu historia yake iko wazi. Mwaka 1928 wakubwa wa serikali za kikoloni na wamishonari walikutana hapahapa Mombasa wakaamua Kiunguja, lahaja ya Unguja mjini, ndicho kiwe msingi wa Kiswahili cha skuli na vitabu, na 1930 ikaundwa kamati ya kukisanifisha. Wamishonari waliokuwa Mombasa walikipigania Kimvita wakashindwa, na waliowashinda walikuwa na sababu yao ya maana, kwamba Kiunguja kilishafuata misafara ya biashara kikaenea mbali bara. Ulikuwa uamuzi wa kiutawala wa lugha ipi itafika kwa watu wengi kwa wepesi. Hakuna aliyetoka mkutanoni na hukumu kuwa Kimvita ni makosa, na wangewezaje, lugha aliyotungia mshairi wetu Muyaka bin Haji karibu miaka mia kabla ya kikao chao! Hata hizi t zetu mbili, ile ya meno na ile ya ufizi, wasemaji wa Kimvita tunazitofautisha mdomoni mpaka leo na maandishi ya Sanifu hayana hata alama ya kuzionyesha.

Tena si mambo ya kale peke yake. Sauti ya Dhiki, diwani ya mshairi Abdilatif Abdalla, imeandikwa kwa Kimvita, ilitoka 1973 na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Jomo Kenyatta ya fasihi. Nchi ilikitunuku Kimvita, na hakuna aliyesema mshairi akajifunze Kiswahili kwanza.

Njoo sasa kwenye mitihani. Katika KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, karatasi ya tatu, ya fasihi, mtahiniwa akikuta shairi lina "mato" na "nti" anatakiwa aandike kuwa mshairi ametumia lahaja, hiyo ni idhini yake ya ushairi, na mtoto anapata alama kwa kulitambua hilo. Karatasi ya pili ina isimujamii, yaani lugha inavyotumika katika jamii. Lakini mtoto huyohuyo akimpa nyanya wa kwenye insha yake lahaja hiyohiyo kwenye karatasi ya kwanza anahofia atahesabiwa kosa, na hofu hiyo kaitoa kwa walimu wake tangu yuko mdogo. Mshairi kuandika lahaja ni ufundi, mtoto akiandika ni ujinga, hapo mantiki iko wapi?

Na siye wenyewe pia tuache. Wa Mombasa tunawaiga Wabajuni wa huko Lamu wakizungumza tukavunjika mbavu, na ng'ambo nako wa Unguja mjini anamcheka wa Makunduchi na wa Pemba, na sote pamoja tunamcheka Mkongomani ilhali kuna watoto Lubumbashi wamezaliwa ndani ya Kiswahili chao kama sisi na chetu. Mtu aliyezoea kumcheka Mbajuni hawezi kumlaumu mwalimu wa bara.

Katiba yetu ya 2010 kifungu cha 7 inaitaka serikali ikuze na kulinda anuwai ya lugha za wananchi. Kila tukilisema hili jibu ni kuwa Waswahili lugha yenu ndiyo ya taifa mnataka nini zaidi, lakini lugha ya mama ya mtoto wa Kibokoni au wa Lamu siyo ile iliyo kitabuni, na kitabu kinachodaiwa kuwa ni cha lugha yake ya nyumbani hakina hata ukurasa mmoja wa lugha hiyo.

Kwa hivyo naiomba wizara ya elimu na KICD, taasisi ya kukuza mitaala, mwalimu wa Kiswahili anayeletwa pwani afunzwe lahaja ya mahali anapokwenda kabla ya kushika chaki. Na insha zikisahihishwa, neno la lahaja liandikwe "lahaja" na neno la Sanifu pembeni yake, si "kosa". Na maneno ya mhusika yaliyotiwa ndani ya alama za usemi yaachwe kama alivyoyasema, mtoto asikatwe alama kwayo, na walimu waelezwe hilo kwa maandishi ili asiwepo wa kusema hakujua.

Mzazi,
Kibokoni, Mombasa