Sili mpya kwenye bomba bovu

Nairobi

Ndugu Mutua,

Salamu kwako na kwa wote nyumbani. Umeuliza kwa nini shokapu ya mbele ya pikipiki yako inavuja tena ilhali sili, ile pete ya mpira inayozuia oili, ni mpya. Kabla hujaenda Kirinyaga Road kununua nyingine, pitisha ukucha polepole juu ya bomba linalong'aa la shokapu, hasa pale panapoingia na kutoka ndani ya sili. Ukucha ukikwama, kutu imechimba kromu, yaani ule mpako unaong'aa, na kila unapopita tuta, kishimo hicho kinakwangua mdomo wa sili. Mafundi wengi hubadilisha sili bila kuligusa bomba, na pesa ya mteja hupotea bure.

Vishimo vidogo hutibika. Sugua kwa msasa namba 1000 uliolowa oili mpaka makali yaishe, jaza gundi ya epoksi, iache usiku kucha, kisha sawazisha kwa namba 2000. Kromu ikiwa inabanduka, nunua bomba jingine. Lililopinda utalijua ukiliviringisha juu ya kioo.

Wakati wa kufungua, legeza kibano cha juu kinacholishika bomba, halafu kifuniko cha bomba, kibano cha chini kikiwa bado kimeshika. Kifuniko usikitoe bado. Legeza kwanza boliti ya aleni (yenye tundu la pembe sita) iliyo chini kabisa ya shokapu, kwa sababu msukumo wa springi ndio unaoizuia fimbo ya ndani isizunguke na boliti. Kifuniko kikifika mwisho wa nyuzi, kikandamize kwa kiganja; springi hukirusha.

Sili mpya ipake oili, na ule upande wenye kijispringi uelekee chini. Ncha ya bomba ifunike kwa karatasi ya mkate ili isikate mdomo wake. Igonge sili taratibu kwa kipande cha bomba la PVC hadi mfereji wa klipu inayoishikilia uonekane wote. Washa ya shaba ya ile boliti ya chini weka mpya.

Oili iwe ya shokapu, kwa kawaida ya uzito wa 10W, kwa kipimo cha kitabu cha pikipiki yako, sawasawa pande zote mbili. Chupa ya mtoto yenye mistari ya mililita inatosha kupimia. Ile 20W-50 ya injini ni nzito mno. Shokapu hukakamaa na mikono ikaumia. Pampu mara kumi hewa itoke kabla ya kurudisha springi.

Tafadhali kagua breki pia. Pedi zilizolowa oili usizioshe, badilisha. Na kabla ya kukaza ekseli kabisa, kandamiza usukani mara kadhaa ili miguu yote miwili ya shokapu ikae sambamba.

Wako,
Barasa