Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Injini za Klasi ya 59

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita uliamua kwamba mwaka huu tushughulikie jambo moja: historia ya injini za mvuke za klasi ya 59, zile kubwa za muundo uitwao Garratt, za reli yenye upana wa mita moja. Naomba kueleza tulipofikia.

Nyaraka hazikutusumbua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, mizigo ilirundikana bandarini Mombasa, na injini zilizokuwapo zikazidiwa. Shirika la Reli la Afrika Mashariki likaagiza injini 34 kutoka kiwanda cha Beyer, Peacock cha Manchester, zikatengenezwa 1955 na 1956. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 hivi, na ilivuta tani 1,200 kupanda hadi Nairobi. Katika muundo wa Garratt, boila lilining'inizwa katikati ya mitambo miwili yenye magurudumu, mmoja mbele, mwingine nyuma. Kwa kuwa chini ya boila hapakuwa na gurudumu, mafundi waliweza kulinenepesha, na injini yote ikapinda kwenye kona bila taabu. Madereva na mafayamani, yaani watunza moto wa boila, walikwenda kwa zamu mbili: hawa wakiendesha, wenzao wakilala kwenye behewa lao.

Zilipakwa rangi ya damu ya mzee na kupewa majina ya milima yetu. Kufikia 1980 zilikuwa zimestaafishwa. Mbili zimehifadhiwa Makumbusho ya Reli, Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Gelai uko kando ya Ziwa Natron, Shengena uko Upare, yote Tanzania. Naona inafaa zikae pale na majina hayo. Reli ilikuwa yetu sote, Kenya, Uganda na Tanzania, hadi ilipogawanywa 1977.

Kinachoniumiza ni sauti za watu. Fayamani aliyeanza kazi 1956 akiwa na miaka 20 sasa ana miaka 90 hivi. Mzee mmoja tuliyemtembelea alitufundisha kusoma moshi: ukiwa mweusi, mafuta yanayochomwa yamezidi, ukitoweka kabisa, hewa imezidi. Yeye alitaka utepe mwembamba wa kijivu, na aliuchora hewani kwa kidole. Hilo hatukulikuta kwenye karatasi yoyote.

Kwa hiyo kamati inapendekeza ada za mwaka ujao zianze na nauli za kuwafikia wazee hawa, kuanzia Changamwe, Voi na Makindu, kabla hatujachapisha chochote. Anayemjua mstaafu aliyepanda klasi ya 59, au mjane wake aliyeishi landhi, yaani nyumba za wafanyakazi wa reli, ampe katibu jina leo kabla hatujatawanyika.