Kushinda rufani ni hatua moja, makaratasi yanafuata

Mhariri,

Magazeti yetu huripoti mara kwa mara watu walioachiwa na Mahakama ya Rufani ya Tanzania baada ya kukaa gerezani miaka kumi au kumi na tano kwa kosa ambalo ushahidi wake haukutosha. Habari huishia palepale kwenye maneno ya majaji: aachiwe mara moja isipokuwa kama anashikiliwa kwa sababu nyingine halali. Sisi wasaidizi wa kisheria tunaomba nafasi tueleze yanayofuata, maana familia nyingi hupoteza haki zao katika miezi ya mwanzo, wakati wageni bado wanamiminika kutoa pole.

Jambo la kwanza ni kujua ametoka kwa njia ipi. Kama mahakama imefuta hatia na adhabu kwa sababu ushahidi haukutosha, huyo ameshinda. Kama mwenendo wa kesi umebatilishwa tu, kesi inaweza kuamriwa isikilizwe upya, ingawa tangu shauri la Fatehali Manji la 1966 msimamo ni kwamba kesi hairudiwi ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Kama Mkurugenzi wa Mashtaka ameondoa shauri kabla ya hukumu, mtu anaweza kukamatwa tena kwa kosa lilelile, na tumeona watu wakikamatwa hata kabla hawajatoka kwenye viwanja vya mahakama. Njia nyingine ni msamaha wa Rais, kama ule wa Desemba 9, 2017 uliowatoa mwanamuziki Nguza Viking na mwanawe. Msamaha humaliza kifungo, lakini hukumu ya hatia inabaki kwenye kumbukumbu. Tofauti hizi si za mawakili peke yao, kwani ndizo zinazoamua kama mtu anaweza kudai fidia.

Aliyeachiwa na Mahakama Kuu akumbuke pia kwamba Mkurugenzi wa Mashtaka anaweza kukata rufani, na ana siku 30 za kutoa notisi. Kuhama mkoa bila kuacha anuani katika kipindi hicho ni hatari. Rufani inaweza kusikilizwa bila yeye kuwepo.

Sasa makaratasi. Mlango wa gereza hufunguliwa kwa hati moja tu, ile ya kuamuru aachiwe, na wengi huondoka bila hata nakala yake. Ombeni nakala, kisha nendeni masjala ya mahakama mkachukue nakala ya hukumu iliyothibitishwa kwa muhuri. Hukumu nyingi za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zipo kwenye tovuti ya TanzLII bila malipo na zinafaa kwa kusoma, ila ofisi za serikali zitataka yenye muhuri. Angalieni jina kabla ya kuondoka dirishani. Polisi huandika jina la utani, au huliweka jina la babu mbele, na jina hilo ndilo linaloingia kwenye hati ya mashtaka, hukumu na rekodi za magereza. Likitofautiana na cheti cha kuzaliwa, tengenezeni kiapo cha majina mapema kwa wakili au hakimu, la sivyo kila ofisi itawarudisha.

Kitambulisho cha Taifa ndicho kikwazo kinachowashangaza watu kuliko vyote. Aliyeingia gerezani kabla ya 2013 hakukikuta kabisa. Alipokuwa ndani, laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na zisizosajiliwa zikafungwa kuanzia 2020. Mtu wa namna hiyo anatoka hana namba ya NIDA, hivyo hana laini yenye jina lake, hivyo hana akaunti ya pesa kwenye simu, na kibarua wa leo hulipwa kwa simu. Ndugu humpa laini yao kwa nia njema, kisha siku wakigombana pesa zake zinabaki kwa mwenye jina. Utaratibu wenyewe si mgumu: barua ya mwenyekiti wa mtaa au mtendaji wa kijiji, cheti cha kuzaliwa kutoka RITA au hati nyingine kama cheti cha shule, fomu, kisha picha na alama za vidole. Usajili wa mara ya kwanza haulipiwi. Ikitoka namba ya tarakimu 20 inatosha kusajili laini, hakuna haja ya kungoja kadi. Kinachokwamisha ni ile barua ya mtaa. Mwenyekiti aliyechaguliwa juzi hamfahamu, au anamfahamu kama jambazi. Pelekeni hukumu yenye muhuri pamoja na wazee wawili wa mtaa wanaomjua tangu utoto.

Kwenye ardhi ndiko wanakoumia zaidi. Ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua shauri, kwa madai ya ardhi ni miaka 12, na sheria ya ukomo inasimamisha hesabu kwa mtoto na kwa mwenye ugonjwa wa akili. Mfungwa hakutajwa. Shamba likivamiwa mwaka wa pili wa kifungo cha miaka 15, atakayetoka atakuta mlango wa mahakama umefungwa. Kwa hiyo tunawasihi ndugu wasisubiri mtu wao atoke. Mfungwa anaweza kutoa hati ya uwakilishi akiwa gerezani, na mwenye hati hiyo akafungua shauri. Siku hizi Baraza la Kata linasuluhisha tu, halitoi hukumu. Suluhu ikishindikana shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Kama aliyeuza ni kaka au mke bila ridhaa, tafuteni kwanza karatasi ya mauziano na majina ya mashahidi walioweka sahihi, kwa sababu kesi itasimama au kuanguka hapo.

Kuhusu ndoa, tuseme wazi kwa sababu ugomvi mwingi unaanzia kwenye kutojua. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataja kifungo cha maisha au cha kuanzia miaka mitano kuwa moja ya mambo yanayoweza kuionyesha mahakama kwamba ndoa imevunjika. Mke aliyepata talaka kwa msingi huo hakuvunja sheria, na ushindi wa rufani haufufui ndoa. Kinachoweza kuzungumzwa ni watoto na mgawanyo wa mali. Ofisa ustawi wa jamii wa wilaya ndiye wa kuanzia, kabla ya mtu kwenda mwenyewe kugonga mlango usiku.

Afya isicheleweshwe. Magereza yana msongamano, na kifua kikuu kinapenda msongamano. Apimwe makohozi hata kama hakohoi sana. Kama alishaanza dawa ndani, matibabu ya kawaida ni miezi sita na hayakatizwi kwa furaha ya kurudi nyumbani, hivyo rudini zahanati ya gereza mkachukue barua ya uhamisho. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi achukue kadi yake ya kliniki. Usingizi wa vipande vipande, kushtuka saa ya kuhesabiwa, kushindwa kukaa mezani na watu wengi: haya ni ya kawaida, nyumba isiyatafsiri kuwa amerogwa au amekuwa mkali. Yakizidi, hospitali ya wilaya ina mahali pa kuanzia.

Kuhusu fidia tutasema ukweli usiopendeza. Tanzania haina sheria mahususi ya kumlipa aliyefungwa kimakosa. Njia iliyopo ni kesi ya madai ya kushtakiwa kwa hila. Jeremiah Kamama dhidi ya Bugomola Mayandi ya 1983 iliweka mambo matano ya kuthibitisha: kwamba ulishtakiwa, kesi iliisha kwa upande wako, hapakuwa na sababu ya msingi ya kukushtaki, mshtaki alikuwa na hila, na ulipata hasara. Wengi huanguka kwenye hila. Shahidi aliyekosea sura gizani amekosea tu, na mahakama kusema ushahidi haukutosha si sawa na kusema ulibambikiwa. Ukomo ni miaka mitatu. Ukiishtaki Serikali lazima utoe kwanza notisi ya siku 90 kwa wizara au idara husika na nakala kwa Mwanasheria Mkuu na Wakili Mkuu wa Serikali, kisha ufungue Mahakama Kuu na kumuunganisha Mwanasheria Mkuu. Ukikosea hapo shauri linatupwa kabla halijasikilizwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ipo hapahapa nchini, Arusha, lakini baada ya Serikali kuondoa tamko lake la kuruhusu watu binafsi kuishtaki huko, tangu Novemba 22, 2020 mtu binafsi hawezi tena kufungua shauri jipya huko dhidi ya Tanzania.

Tunajua hoja ya kwamba nchi iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa mwaka 1976, nao unazungumzia fidia. Ibara yake ya 14(6) inagusa hukumu zilizofutwa kwa sababu ya jambo jipya lililogundulika, wakati wengi hapa kwetu huachiwa kwa kasoro zilizokuwa ndani ya jalada tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana tunataka sheria ya kwetu, yenye kiwango kwa kila mwaka wa kifungo. Texas, Marekani, hulipa dola 80,000 kwa mwaka. Hatuombi hizo. Tunaomba kianzio na nauli. Leo aliyetoka kwa parole, mwenye hatia kamili, ana ofisa wa kumfuatilia. Aliyeonekana hana hatia hana hata huyo.

Kwa walio bado ndani: notisi ya rufani kutoka mahakama za chini ni siku 10 na sababu za rufani siku 45, bila kuhesabu muda wa kungoja nakala za mwenendo na hukumu. Zote hupita kwa mkuu wa gereza, kwa hiyo andikeni tarehe mliyoweka dole gumba na jina la askari aliyepokea. Ukichelewa utatakiwa kueleza kila siku ya kuchelewa. Na sababu zisiwe "nimeonewa". Andika: shahidi wa kwanza alisema kulikuwa na taa, hakusema ni chemli au ya umeme, ilikuwa wapi, alinitazama kwa muda gani na kwa umbali gani. Hayo ndiyo maswali ya kumtambua mtu yaliyowekwa katika shauri la Waziri Amani la 1980, na yamewatoa wengi.

Ombi la mwisho ni kwako, Mhariri. Mtu anapokamatwa picha yake hutoka ukurasa wa mbele, na hubaki mtandaoni miaka yote. Akishinda rufani, ongezeni mstari mmoja kwenye ile habari ya zamani wenye tarehe na namba ya hukumu, ili mwajiri akitafuta jina lake aone vyote viwili.

Wasaidizi wa kisheria,
Mwanza