Nalea watoto wa kaka yangu, kodi ya nyumba yao hawaioni

Ndugu Mhariri na wasomaji wenzangu,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Morogoro. Nalea watoto watatu wa marehemu kaka yangu. Mama yao ndiye aliyetangulia, kisha kaka akafariki kwa ajali. Siku ya kuondoa tanga ukoo ulikaa ukaamua watoto waje kwangu, na mdogo wetu wa kiume awe msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao ukapelekwa Mahakama ya Mwanzo pamoja na cheti cha kifo, akateuliwa bila pingamizi.

Marehemu aliacha nyumba ya wapangaji Mbagala, na mafao yake ya kazini. Kodi inalipwa, watoto hawaioni. Nikimpigia mdogo wangu ananijibu, "Dada, nyumba inadai ukarabati." Mafao ndiyo hayatajwi kabisa. Mara ya mwisho alituma hela ya sare, tena ya mtoto mmoja.

Watu hudhani kwa kuwa shule ya serikali haina ada, kulea ni ugali tu. Kuna madaftari, viatu, uji wa shuleni, na sasa mkubwa anaingia kidato cha kwanza, huenda akapangiwa bweni: godoro, tranka, ndoo, mpaka jembe na fagio. Wa mwisho hana cheti cha kuzaliwa. Nikitaka kumwombea RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti hivyo, tangazo la kizazi na kadi yake ya kliniki vimebaki Mbagala, na mwenye funguo ni yuleyule. Mimi mwenyewe sina karatasi yoyote inayosema ni mlezi wao. Kila ofisi naanza kusimulia misiba upya.

Jirani yangu anayeijua mahakama amenieleza kwamba msimamizi si mrithi. Alitakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali, fomu namba 5, kisha hesabu ya mgawanyo kwenye fomu namba 6, na asipofanya hivyo mahakama inaweza kumwondoa. Tena Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Hayo nimeyaelewa vizuri.

Kinachonishinda ni mama yetu. Bado yu hai, ana presha, na dawa zake ananunua huyo huyo mdogo wetu (kwa hela ipi, Mungu anajua). Ameniambia nikimshitaki mwanawe nisikanyage kwenye mazishi yake. Wajomba nao wanasema mambo ya ukoo yaishie ukoo, lakini kikao nilichoomba hawakiitishi.

Naomba ushauri kwa waliopitia haya. Nianze kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri, na je, akimwita mtu kama huyu, huwa anakwenda? Nikienda mahakamani, naweza kudai hesabu tu, na kodi iingie akaunti ya watoto, bila kuomba aondolewe? Na mkubwa, ambaye juzi ameniuliza, "Shangazi, kwani nyumba ya baba imekuwa ya baba mdogo?", nimweleze yote au nisubiri akue?

Wapangaji wanalipa kwa miezi sita sita na awamu nyingine ni Desemba, hivyo majibu ya mapema yatanisaidia zaidi.

Shangazi, Morogoro